Mwenyeji wa Kiti cha Umma: Kutoka Baraza za Pwani hadi Uwanda wa Mbozi

Kiti cha umma ni mahali palipotengenezwa ili mpita njia yeyote aweze kukaa bila kulipa, na katika usanifu wa mandhari, yaani taaluma ya kupanga na kubuni nafasi za wazi kama vile bustani, viwanja vya mikutano, njia za miguu na kingo za barabara, kiti hicho huhesabiwa miongoni mwa vitu vidogo vyenye uzito mkubwa, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama watu watapita tu au watabaki wakazungumza. Historia yake ikisimuliwa kutoka Ulaya, Afrika Mashariki hutajwa mwishoni, kama eneo lililopokea mabenchi ya bustani mikononi mwa wakoloni. Ikisimuliwa kutoka pwani ya Waswahili, na kutoka vijiji vya bara kama vile vya kata ya Igamba katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, hujitokeza jambo jingine ambalo wasanifu wa leo wana kila sababu ya kulitazama kwa makini: hapa kiti cha umma kilidumu hasa pale kilipokuwa na mwenyeji, mtu au kundi lililokitunza na kuona haya kikivunjika, na kilichakaa mapema pale kilipojengwa na mamlaka kisha kikaachwa bila wa kukiangalia.

Ushahidi wa mapema umo katika magofu ya pwani. Katika jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, kulikuwa na nyua zenye ngazi pana zilizoteremka kuelekea sakafu ya wazi, ngazi ambazo ukubwa wake unazifanya zifae kukaliwa na watu wengi sawasawa na kukanyagwa. Huko Gede, karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, nyumba za mawe zina nyua za mbele zilizo chini kidogo ya usawa wa vyumba, na mgeni aliyefika alipokewa kwanza katika ua huo. Wajenzi wa pwani, kwa hiyo, walikwisha kuitambua tangu zamani nafasi iliyo kati ya njia na nyumba, ambamo mtu wa nje huruhusiwa kukaa bila ya kuingia ndani.

Nafasi hiyo ilifikia umbo lake kamili katika baraza za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja. Baraza ya aina hii ni kiti kirefu kilichojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kikaunganishwa na ukuta wa mbele wa nyumba na kupigwa lipu hadi kikawa laini, na katika nyumba za Lamu huwekwa pande mbili za daka, yaani kipenu cha mlangoni kinachotangulia ua wa ndani. Kazi zake zilikuwa nyingi kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba alipokea humo wageni wa kiume ambao haikumpasa kuwaingiza kwenye faragha ya familia. Majirani walicheza bao, wakanywa kahawa, wakasomeana habari na kupatana bei. Na katika Mji Mkongwe, masika yalipogeuza vichochoro kuwa mifereji, watu walitembea juu ya baraza ili wasikanyage maji. Mbunifu wa kisasa akipewa kazi ya kubuni kitu kimoja kitakachokuwa kiti, njia ya dharura wakati wa mafuriko, kinga ya msingi wa ukuta na sebule ya mtaa, atakiri kwamba jibu la mafundi wa pwani ni gumu kulishinda.

Hata hivyo umbo peke yake halitoshi kueleza kwa nini baraza zilidumu kwa karne kadhaa. Baraza ilijengwa kwa gharama ya mwenye nyumba, ikafagiliwa na watu wa nyumba yake na kupakwa chokaa ukuta ulipopakwa chokaa. Lakini matumizi yake yalikuwa ya mtaa mzima, na mwenye nyumba ambaye angewafukuza waliokaa bila ya sababu angevunja heshima yake mwenyewe. Umiliki ulikuwa wa mtu mmoja na haki ya kukaa ilikuwa ya wengi, na mambo hayo mawili yalishikamanishwa na adabu inayoeleweka na wote: aliyekuja alitoa salamu, aliyekuwapo alisogea, na mazungumzo yalijulikana kuwa ya wazi. Sheria za mipango miji za nyakati za baadaye zimetenganisha kabisa mali binafsi na mali ya umma, hazikuacha nafasi kwa mpango wa namna hii, na hasara hiyo haijapimwa ipasavyo.

Bara ilikuwa na njia zake za kukaa pamoja, ambazo mara nyingi hazikuacha jiwe wala nguzo kwa mwanaakiolojia. Kusini-magharibi mwa Tanganyika, mfano ulioandikwa kwa kina zaidi ni wa Wanyakyusa wa Rungwe, majirani wa watu wa Mbozi, ambao Monica Wilson aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika. Katika mpango huo wavulana waliokaribia umri wa miaka 10 au 11 walianza kujenga makazi yao pembeni mwa makazi ya baba zao, na thamani iliyotukuzwa kuliko nyingi ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na watu wa rika moja, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao. Mpangilio mzima wa kijiji ulitokana na swali la nani akae na nani. Kwa Wanyiha wa Mbozi, waliojulikana kwa uhunzi na ufumaji wa nguo za pamba, na walioishi chini ya watawala wengi wadogo wenye cheo cha mwene, siasa haikuwa na mji mkuu mmoja wenye uwanja mmoja. Mikutano ilifuata mahali alipo mkubwa, na kivuli, jiwe au gogo lilitosha kuwa kiti.

Wamisionari wa Moravian, walioanza Rungwe mwaka 1891 na kufika Mbozi kabla ya karne ya 19 kwisha, wakiongozwa huko Mbozi na Traugott Bachmann, walileta mtindo wa kukaa ambao leo hauonekani tena kuwa mgeni: mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwa safu, yote yakitazama upande mmoja. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Watu wanaokaa kwa kuzungukana huonana nyuso, na kila mmoja anaweza kuchukua neno. Watu wanaokaa kwa safu humwona msemaji mmoja na visogo vya wenzao. Shule, mahakama za wenyeji, na baadaye mikutano ya hadhara ya chama na serikali zilirithi safu hizo. Tawala za machifu zilipofutwa mwaka 1963, na vijiji vilipokusanywa upya katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ofisi ya kijiji yenye meza ya viongozi upande mmoja na mabenchi ya wananchi upande wa pili ikawa sura ya kawaida ya mkutano katika sehemu nyingi za nchi, ingawa wazee waliendelea kukutana chini ya mti kwa duara pale walipotaka kupatanisha ugomvi na si kutangaza agizo.

Benchi la bustani, kwa upande wake, ni zao la mji wa Ulaya wa karne ya 19. Paris ilipojengwa upya chini ya mkuu wa mkoa, Haussmann, mhandisi Adolphe Alphand na msanifu Gabriel Davioud walitengeneza mabenchi ya mbao yenye miguu ya chuma cha kusubu, wakayaweka kwa mamia kando ya barabara mpya zenye miti, na tangu hapo kiti cha umma kikawa kifaa cha halmashauri, kinachonunuliwa kwa wingi, chenye umbo moja na kisicho na jina la mtu. Kifaa hicho kilikuja Afrika Mashariki pamoja na dhana ya bustani ya mji, na hapa kikakutana na ubaguzi wa maeneo ulioamua nani angekuwa na raha ya kukitumia.

Nairobi inatoa mfano unaostahili kutazamwa kwa kina. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliutolea mji bustani ambayo hadi leo ina jina lake. Mwaka 1991 ulipotolewa mpango wa kujenga jengo la ghorofa na maegesho ya magari juu yake, wakazi walipinga, na miongoni mwa sauti zilizosikika mbele ilikuwa ya mjukuu wa mtoaji, mwandishi Zarina Patel, bustani ikapona. Miaka miwili kabla, mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa ameongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park. Baadaye mabenchi ya Jeevanjee yakawa makao ya Bunge la Mwananchi, mkusanyiko wa watu wa kawaida waliokutana hapo kujadili siasa, bei za vyakula na haki za raia. Mabenchi hayo ya manispaa yalipata mwenyeji ambaye mpangaji wa mji hakumtarajia, na wenyeji wa aina hiyo, pamoja na kumbukumbu ya mtoaji, ndio waliofanya bustani ile isimezwe na thamani ya kiwanja chake.

Unguja ilipita katika jaribio la upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa mpango wa mji uliotayarishwa na wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki mwaka 1968, yalijengwa majumba marefu ya ghorofa huko Michenzani, na familia zilizozoea nyumba zenye kibaraza zikajikuta juu ya ngazi, mbali na njia. Hakuna ghorofa ya tano inayoweza kuwa na baraza ya mtaa. Watu walijibu kwa kujitengenezea maskani, yaani vituo vya kukutana chini ya majengo, vyenye mabenchi, kivuli na ubao wa kuandikia habari, na Maskani ya Kisonge hapo Michenzani ilipata kujulikana kote Unguja kwa siasa zake. Jambo hili lingefaa kufundishwa katika kila darasa la usanifu nchini: mpango wa majengo ulisahau mahali pa kukaa, na wakazi wakaparudisha kwa mikono yao ndani ya kizazi kimoja. Bustani ya Forodhani iliyo mbele ya bahari, ambayo Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliifanyia ukarabati mkubwa na kuifungua tena mwaka 2009, ilichukua somo hilo kwa sehemu, kwani kuta fupi na kingo za bustani zenyewe zinakalika, na umma wa jioni hauhitaji kugombea mabenchi machache.

Taaluma yenyewe ya usanifu wa mandhari ilichelewa kupata chombo chake. Shirikisho la kimataifa la wasanifu wa mandhari, IFLA, liliundwa nchini Uingereza mwaka 1948, rais wake wa kwanza akiwa Geoffrey Jellicoe. Nchini Kenya wasanifu wa mandhari wamo ndani ya chama cha wasanifu AAK kilichoanzishwa mwaka 1967. Tanzania imewaandaa wataalamu wa ardhi na majengo hasa katika taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na usimamizi wa fani za ubunifu wa majengo uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa sheria ya mwaka 1997 iliyotungwa upya mwaka 2010.

Ujuzi unaofundishwa kuhusu viti una vipimo vinavyokubalika karibu kila mahali: kimo cha kukalia kisipungue sana wala kuzidi sana sentimita 45, kina kiwe kati ya sentimita 40 na 45, mahali pa kukaa wazee pawe na egemeo la mgongo na mkono wa kushika wakati wa kuinuka. Kuhusu wingi na uwekaji, kazi iliyoathiri zaidi ni ya Mmarekani William H. Whyte, ambaye baada ya miaka ya kuwatazama watu katika viwanja vya New York alichapisha matokeo yake mwaka 1980. Alionyesha kwamba watu hukaa zaidi pale penye pa kukaa, jambo linalosikika kuwa la wazi mno mpaka itakapokumbukwa ni viwanja vingapi vimejengwa bila ya kulizingatia. Na kanuni za mji ule zikadai futi moja ya kiti kwa kila futi 30 za mraba za uwanja, yaani kama sentimita 30 za kiti kwa kila mita za mraba 2.8. Alitetea pia viti vinavyohamishika, kwa sababu mtu hupenda kusogeza kiti hata kwa hatua moja ili achague jua, kivuli au mwenzake.

Igamba inapima ujuzi huo kwa namna ambayo pwani na New York haziwezi. Mbozi ni uwanda wa juu wa kahawa, wenye msimu mmoja wa mvua unaoanza kwa kawaida Novemba na kwisha karibu na Aprili au Mei, na wenye baridi kali asubuhi za Juni na Julai. Mkaaji wa pwani hutafuta kivuli karibu mwaka mzima. Wa Mbozi hutafuta jua la asubuhi katika miezi ya kipupwe, kivuli mchana wa Septemba na Oktoba, na paa tangu mvua za kwanza. Benchi lililowekwa chini ya mkaratusi kwa kufuata mchoro wa Dar es Salaam litakaa wazi katika saa zile zile ambazo watu wanalihitaji. Nyenzo nazo ni nyingine: mahali pa matumbawe na chokaa pameshikwa na matofali ya kuchoma, udongo na saruji kidogo, na benchi la tofali lililounganishwa na ukuta unaoelekea mashariki, chini ya paa lililorefushwa, lingekuwa ndugu wa kweli wa baraza ya Lamu bila ya kuiga umbo lake.

Katika kata za namna hii viti vingi vya umma havionekani katika orodha ya mali ya halmashauri. Vijana wa bodaboda hujijengea kijiwe chenye benchi la mbao na paa la bati mahali pa kusubiri abiria; wakulima wa kahawa hukaa juu ya magunia na kuta fupi wakisubiri zamu kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika; wenye maduka huweka fomu, yaani mabenchi marefu, mbele ya milango yao. Wakati wa msiba au harusi hutokea kiti cha umma kilicho bora kuliko vyote kwa wepesi wake, nacho ni kiti cha plastiki cha kukodi, ambacho aghalabu humilikiwa na kikundi cha akina mama au mfanyabiashara mdogo pamoja na maturubai, na ambacho kwa saa chache hugeuza uwanja wa nyumba yoyote kuwa ukumbi wa mamia ya watu. Whyte angekitambua mara moja kiti chake kinachohamishika. Kinachopaswa kuongezwa ni kwamba kiti hicho kinahesabiwa, kinaoshwa na kurudishwa, kwa sababu kina wenyewe.

Kulinganisha mpango huu na mradi rasmi kunafunua udhaifu wa utendaji wa kitaaluma. Mradi wa kawaida huanza na upimaji wa eneo, ukapita katika michoro, makadirio ya gharama, zabuni, ujenzi na makabidhiano, halafu hufuata muda wa matazamio, yaani kipindi ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake. Muda huo ukiisha, benchi linabaki bila mtu ambaye jina lake limeandikwa popote. Jitihada kubwa ya viti katika kumbukumbu ya karibuni, kampeni ya madawati ya shule ya mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Mkoa wa Songwe ulizaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya, ilionyesha nguvu ya taifa linapoamua kutengeneza: Bunge pekee lilichangia shilingi bilioni 6 zilizobanwa kutoka matumizi yake. Kutengeneza kuliwezekana kwa kasi. Lakini dawati limo ndani ya shule yenye mwalimu mkuu na kamati, huku benchi la stendi au la sokoni likiwa halina mwalimu mkuu wake.

Sheria nayo huweza kuwa mzigo. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na vijiwe vingi viko ndani ya ukanda huo huo, kwa kuwa ndiko waliko abiria. Kibanda kikipigwa alama nyekundu ya X, huondolewa kama kizuizi, pamoja na benchi lake, na hakuna kipengele cha mchoro wa barabara mpya kinachokirudisha. Msanifu wa mandhari anayeshirikishwa mapema angeweza kupanga vituo vya kukaa nje ya mstari wa mitaro ya maji, kwa idhini ya mamlaka ya barabara, na kukikabidhi kijiwe kwa umoja wa madereva ambao tayari una viongozi na michango.

Lipo pia deni la muda mrefu kwa wanawake. Baraza ya pwani ilikuwa mahali pa wanaume, kijiwe cha bodaboda aghalabu ni cha vijana wa kiume, na mkutano wa wazee chini ya mti haukuwa tofauti sana. Wanawake wa vijijini hukaa na kusubiri kwa saa nyingi zaidi kuliko wanaume wengi: kliniki ya mama na mtoto, mashine ya kusaga, bomba la maji, gulio. Huko ndiko benchi likosekanako au liwapo bila egemeo, ingawa mama mjamzito au mwenye mtoto mgongoni ndiye anayelihitaji kuliko wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo na huduma za umma zifikike. Dai hilo, likisomwa kwa uaminifu, linagusa pia kimo cha benchi, nafasi ya kiti cha magurudumu kando yake na njia isiyo na tope inayofika hapo.

Vyombo vya kurekebisha hali hii vipo tayari katika ngazi ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Katika mkataba wa mradi wowote wa zahanati, soko au stendi, kinaweza kuongezwa kipengele kinachotaja kikundi kitakachopokea viti, kwa mfano kikundi cha akina mama walio na uzoefu wa viti vya kukodi au chama cha msingi cha wakulima, pamoja na haki yao ya kuuza kahawa au chai hapo na wajibu wao wa kufanya matengenezo madogo kwa matofali na mbao za hapo hapo. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na suala la viti lina nafasi yake katika ajenda hiyo kabla mbunifu hajachora mstari wa kwanza, kisha tena muda wa matazamio utakapokwisha na mkandarasi kuondoka.